Cambridge Hakuna Mlima

Arthur Eddington, mwanafalaki Mwingereza aliyekwenda kisiwani Príncipe mwaka 1919 kupima jinsi mwanga wa nyota unavyopinda karibu na jua, alikuwa pia mgonjwa wa baiskeli. Ametuachia hesabu inayotutesa wengi tunaonyonga kwa starehe: ukiwa na siku 50 ambazo kila moja ulikwenda angalau maili 50, namba yako ni 50. Yeye alipofariki mwaka 1944 alikuwa amefikisha 84. Nampa heshima zake, ila alikuwa anaishi Cambridge, na Cambridge ni tambarare. Angekuwa mwenyeji wa Kibosho tungeona.

Moshi mjini ni mita 800 na ushee kutoka usawa wa bahari; lango la Marangu limepita 1,800. Mpaka Himo unajiona bingwa. Ukishakata kushoto kuelekea mlimani, kilometa zinabadilika tabia. Lengo langu lilikuwa kilometa 100: Marangu langoni na kurudi, halafu kujazia barabara ya TPC, kwenye miwa, ambako ardhi haina ubishi.

Juu ya Himo nikapitwa na mzee mwenye baiskeli ya Phoenix iliyosheheni majani. Ng'ombe wa Uchagani hukaa bandani, kwa hiyo malisho ndiyo yanayopanda kuwafuata. Nasisitiza kwamba mzee alikuwa ameshuka, anaikokota kwa miguu. Akanipa pole.

Mbele kidogo, bibi mmoja alikuwa amekaa kando ya mgomba.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Unampelekea nani?”

“Simpelekei mtu kitu, bibi. Nafanya mazoezi.”

Aliitazama keria yangu tupu kwa muda mrefu. “Basi ukishuka, pitia hapa.”

Niliposhuka nikakuta mkungu wa ndizi barabarani, pamoja na maelekezo ya kumpata mdogo wake sokoni Himo. Alikuwa ameshanishukuru kabla sijafungua mdomo, na ukishashukuriwa na bibi, mjadala umefungwa. Kijana wa jirani aliufunga mkungu kwa vipande vya tyubu kuukuu, vile vinavyong'ang'ania kuliko kamba yoyote ya dukani.

Mteremko niliokuwa nimeulilia njia nzima nikaushuka huku nimebana breki zote mbili. Kila kona mkungu ulitaka kwenda Rombo, mimi nataka Himo. Sokoni, mdogo wake bibi alizikagua ndizi moja moja, akaniuliza kwa nini zimechubuka, kisha akanikalisha nile kwanza. Nikala. Jua nalo likaenda zake, na TPC ikaenda nalo.

Naingia Moshi gizani, simu inasoma 91. Mtu mwenye akili timamu angekwenda kuoga. Mimi nikaanza kuzunguka kipilefti cha Mnara wa Saa, ambacho si kikubwa. Kilometa tisa pale ni kizunguzungu kitupu. Vijana wa bodaboda mwanzoni walidhani nimepotea, wakawa wananielekeza stendi kila nikipita. Baadaye wakanyamaza, wakabaki wananitazama tu. Mwishowe mmoja akawasha pikipiki, akanifuata ubavuni.

“Kaka, hizo kilometa unalipwa shilingi ngapi kwa moja?”

Nikamwambia ni bure. Akaendesha nusu mzunguko anatafakari, kisha akaniuliza kama nyumbani wanajua.