Muulize Bi Mwiko: Maradhi ya Sikukuu

Barua za wiki hii zimeingia na madoa ya samli. Zimetoka Unguja zote, na waandishi wake bado wanapumua kwa shida.

*Bi Mwiko, sikukuu mosi nilipita nyumba tano za jamaa. Kila nyumba pilau. Ya tano, kwa shangazi, nikasema nimeshiba. Amenuna mpaka leo. — Mkanda Umekaza, Michenzani*

Mwanangu, sikukuu yetu ina siku nne, wewe umetaka kuimaliza kabla ya adhuhuri! Nyumba ya kwanza ilitosha tonge tatu na kuisifu kachumbari. Ya pili ungeomba juisi ya ukwaju, ukasalimia wazee, ukaaga. Kwa shangazi ndiko kwa kufika na njaa, maana shangazi hasahau. Dawa ni moja: nenda bila kualikwa, kaa jamvini, uulize kama kuna kiporo. Akikuletea, usibakishe hata punje.

*Bi Mwiko, mimi ni bibi harusi mpya. Pilau yangu imetoka nyeupe. Mama mkwe kauliza, "Humu ndani kuna mgonjwa?" — Nimeumbuka, Mkunazini*

Pole, bibi. Rangi ya pilau hutoka kwenye kitunguu, na wewe umekiogopa. Kikaange mpaka kikolee kahawia, jirani aanze kuchungulia. Hapo ndipo utie thomu na tangawizi, halafu bizari nzima, mdalasini, hiliki, karafuu na pilipili manga. Mchele uive kwa supu ya nyama yenyewe, usiukoroge, kisha upalie makaa juu ya kifuniko. Ukipakua, mpe mama mkwe ukoko wa chini. Mwenye ukoko mdomoni hasemi.

*Bi Mwiko, usiku wa kuamkia Idi mume wangu huingia jikoni "kuonja" bokoboko. Asubuhi nakuta nusu sufuria. — Mlinzi wa Sufuria, Jang'ombe*

Usimfukuze, mpe mwiko. Bokoboko ni ngano na nyama zilizochemka mpaka zikalainika, na utamu wake uko kwenye kupigwa: apige mpaka nyama ipotee ndani ya ngano na uji uvutike. Akimaliza, mkono hautanyanyuka kwenda mdomoni. Alfajiri mpe tende tatu, au tano, kwa witiri kama ilivyo sunna kabla ya sala ya Idi el-Fitri, umsindikize msikitini. Samli ya kumwagia juu ifiche mpaka arudi.

*Bi Mwiko, mwaka huu mambo magumu. Si bora fitri niiruke, niongeze kuku wa pili? Wageni watanicheka. — Mfuko Umetoboka, Mwanakwerekwe*

Hapana, mjomba. Fitri ni pishi moja, kama kilo 2.5 za mchele, kwa kila kichwa cha nyumbani mwako, hata mtoto wa kunyonya, na itoke kabla ya sala. Imewekwa ili siku hiyo kila jiko liwake, na asiyekuwa nacho naye akaribishe mgeni. Sasa wewe ushibe peke yako mtaani, hiyo sikukuu utakwenda kumpa nani mkono? Kuku mmoja anatosha. Mkate vipande vidogo, mchuzi uwe mwingi, na wageni waanze na mkate wa kumimina. Atakayecheka mkaribishe tena mwakani, ila umwambie aje na kuku.