Mabishano Matano ya Mafundi wa Sauti Tabora, Tukianza na la Tano

Wakutanishe mwamba ngoma, mpiga gitaa na fundi wa piano, watilie chai, kisha uliza: chombo kirekebishwe lini? Chai itapoa.

5. Simu au sikio?
Programu ya simu inakupa noti ya La inayotetema mara 440 kwa sekunde, kipimo kilichokubaliwa London mwaka 1939. Vijana wanaapa kwayo. Wazee wanajibu kwamba simu haijawahi kuchezesha harusi. Anza na simu, malizia na sikio, twende.

4. Gitaa likazwe wapi?
Mji uliowalea Kiko Kids wa Salum Zahoro, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz unajua jibu: palepale jukwaani. Waya wa chuma hulegea kwa joto. Ukilikaza gitaa mchana juani, usiku wa baridi ya Juni litapanda juu ya wenzake, na mwenyewe atadai bendi nzima imeshuka!

3. Mkubwa nani?
Misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipita hapa na ngoma zake. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, kama kilo 32. Piano ya kusimama huweza kupita kilo 200, hivyo ilibidi isubiri reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912. Fundi wa piano, mwamkie mwamba ngoma.

2. Moto au jua?
Mvua za Novemba zikianza, ngozi ya ngoma hunywa unyevu ikalegea, na lazima ikazwe tena kwa joto. Wa jua wanasema moto unaikausha ngozi hadi ipasuke. Wa moto wanauliza: jua lipi, na wingu lote hili? Mimi niko na moto, ila wa mabua, si wa magogo. Inamisha ngoma, izungushe, gonga kwa vidole ukingoni huku ukisikiliza. Kiganja kikishindwa kutulia juu ya ngozi, iondoe haraka.

1. Kabla ya mvua au baada?
Hapa ndipo watu hununiana. Mvua ileile inayoishusha ngoma huipandisha piano: ubao wa sauti unavimba na kusukuma nyuzi zaidi ya 200, hasa za katikati. Kiangazi kikija, zinashuka. Fundi anayefuata kalenda ya Dar es Salaam, ya vuli na masika, anapotea. Tabora ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili.

Kwaya hutaka piano ikazwe Desemba, na Desemba ndiyo yenye pesa. Lakini mbao bado zinavimba. Kazi ya Desemba, ifikapo Januari itakuwa imeharibika. Fundi mwaminifu hugusa noti mbaya tu, kisha anarudi mwishoni mwa Januari mbao zikishashiba, na tena Juni zikishakauka. Mwalimu wa kwaya akinung'unika, mwambie Pasaka atapata piano iliyotulia. Krismasi apige ngoma, na mabua yawe tayari nje ya mlango.