Ombi la Leseni ya Kuzurura Jijini Eldoret

Kwa Mheshimiwa Mwenye Dhamana ya Miti, Nyasi na Vivuli,
Jiji la Eldoret.

Mheshimiwa,

KUH: OMBI LA LESENI YA KUZURURA

Pokea salamu kutoka huku mitaani, na hongera, japo zimechelewa. Rais alipotukabidhi hati ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, tukawa wa tano nchini nyuma ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Wenye nyumba za kupangisha walizipata habari hizo siku hiyo hiyo. Nyasi bado hazijaambiwa.

Naandika kuomba leseni, kwa kuwa nimeona kwamba ndiyo lugha ambayo ofisi za umma huielewa upesi. Mwenye kibanda cha chipsi ana leseni, mwenye kinyozi ana leseni, hata bango la mganga wa mapenzi nasikia hulipiwa. Mimi sina bidhaa. Nataka tu ruhusa ya kutembea katika mji niliozaliwa bila kuwa na mahali ninapokwenda.

Huenda hulijui tatizo lenyewe, maana wewe hupita ndani ya gari lenye vioo vya giza. Eldoret inawatambua watu wa aina mbili: anayekwenda kazini na anayekimbia. Katiza mtaa wa Elgon View alfajiri ukiwa umevaa tracksuit na mlinzi wa geti atakuita champion, hata kama kitambi kimekutangulia. Pita hapo hapo jioni, shati la kawaida, mikono mfukoni, ukitazama juu, na atatoka kibandani.

"Boss, unatafuta nani?"

"Sitafuti mtu. Natazama huu mti."

"Mti wa nani?"

Swali hilo la pili ndilo lililonikalisha chini kukuandikia. Kila mti unaoning'iniza matawi yake barabarani una mwenyewe, na mwenyewe yuko nyuma ya ukuta wenye seng'enge. Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, aliambiwa na daktari atembee nusu saa kila siku kwa sababu ya presha. Baada ya kuhojiwa mara kadhaa alikwenda akanunua viatu vya mbio na saa kubwa ya mkononi. Hajakimbia hata hatua moja tangu azaliwe, ila sasa anapigiwa saluti.

Usidhani naomba jambo la ajabu kisheria. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za kuwaadhibu watu kwa uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Majaji walioketi na kulifikiria jambo hili kwa makini wameniruhusu nizurure. Kilichobaki ni wewe kuniambia nizururie wapi.

Kwa kuwa najua umebanwa na mikutano, nimejitwika kazi ya kukagua ukingo wa Mto Sosiani kwa niaba yako. Mto huu hutoka upande wa misitu ya Kaptagat, ukapita katikati ya mji, ukaingia Kipkaren, kisha Nzoia, na mwisho wake ni Ziwa Victoria. Mji wowote ungelipia fedha nyingi kupata mto kama huo. Sisi tulipewa bure, pengine ndiyo maana. Kanuni zinataka ukanda wa ukingoni usiguswe, kati ya mita 6 na 30 kulingana na upana wa mto. Ukizihesabu mita hizo kwa miguu, haya ndiyo utakayokutana nayo.

Unaanzia karibu na daraja, kwenye vibanda vya mitumba. Hapa hutembei, unainama. Majaketi yametundikwa pande zote mbili na mikono yake hukupapasa usoni, huku mama mwenye kibanda akikuhakikishia kwamba la kijani ni saizi yako. Ukitokeza upande wa pili, njia imebaki upana wa nyayo moja, imelainishwa na miguu ya watu ambao hakuna bajeti iliyowahi kuwataja. Kushoto kuna sukuma wiki, kulia kuna nduma zenye majani makubwa kama masikio ya ndovu. Chini yake kijana anaosha boda boda. Povu jeupe linateremka taratibu, linazunguka jiwe, linakwenda zake kuelekea Uganda. Kuna ndege pia. Sikutarajia, lakini walikuwepo, mdiria mmoja amekaa juu ya chupa ya plastiki iliyokwama kwenye matete, anavua. Nilisimama kumtazama, na kwa muda huo hakuna aliyeniuliza chochote.

Kisha njia ikafika kwenye ukuta wa mabati. Ukuta umeshuka hadi majini, na umeandikwa kwa rangi nyekundu: SHAMBA HILI HALIUZWI. Nilichungulia kwenye tundu la msumari. Ndani palikuwa na mawe ya kujengea, kokoto, na sehemu ya Mto Sosiani. Nashukuru kujua kwamba nayo haiuzwi.

Hapa nikusihi, Mheshimiwa, maana naijua mikono ya serikali. Mkisikia neno "ukingo wa mto" mtatuma lori la askari wa kanjo kesho asubuhi, na watakaobebewa majaketi yao ni akina mama wa mitumba, ambao angalau huacha njia wazi na hukwambia pa kukanyaga mvua ikinyesha. Mabati yatabaki. Mabati huwa hayana magurudumu ya kukimbilia, lakini sijui kwa nini hayakamatwi.

Sasa nikukumbushe siku moja ya furaha. Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alimaliza marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna, na hapa Eldoret watu walijazana barabarani mbele ya skrini kubwa. Tulilia, tukakumbatiana na watu tusiowajua. Lakini hebu fikiria tulikuwa tunatazama nini, ukiiondoa miguu ya Kipchoge. Tulikuwa tunatazama bustani. Inaitwa Prater, na palikuwa mahali pa kuwindia pa wakubwa mpaka mwaka 1766, Kaisari Joseph wa Pili alipowafungulia watu wote. Barabara aliyokimbilia Kipchoge, Hauptallee, imenyooka, ina miti mirefu kila upande na haina magari. Kwa hiyo wakazi wa jiji la wakimbiaji walisimama juu ya lami, wakapisha pikipiki kwa zamu, wakaangalia bustani ya watu wengine kwenye televisheni.

Najua utaniambia Vienna ilichaguliwa kitaalamu: ni tambarare, iko chini, hewa yake ni nzito, na sisi tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari ambako pumzi huja kwa mkopo. Nakubali. Ila Kaisari hakuhitaji kura ya mwananchi yeyote na bado aliona aibu kukaa na miti peke yake.

Utaniambia pia kwamba njia tunazo: Kaptagat, Iten, kingo za Bonde la Kerio. Tunazo kweli, na ni nzuri kuliko maneno yangu. Udongo mwekundu, ukungu wa asubuhi, wakimbiaji wanapita kundi zima bila kelele. Wageni kutoka Ulaya na Marekani huzijua njia hizo kona kwa kona. Mtoto wa mtaa wa Langas au Huruma anazijua kwa kuambiwa, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha jioni, na kutembea kunakoanza kwa kupanda matatu si kutembea, ni safari.

Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 ina jedwali la huduma za miji, na bustani za mapumziko zimo. Makaburi nayo yamo. Hayo ya pili tutayafikia sote bila kusumbua ofisi yako. Ni hizo za kwanza ninazoomba tuonje kabla.

Wala usiseme mji wetu hauna uzoefu wa kujenga huku ukikihifadhi kitu. Husimuliwa kwamba mwaka 1912, mahali hapa pakiwa bado panaitwa 64 kwa namba ya shamba, benki ililetewa sefu la chuma likaanguka kutoka kwenye gari la kukokotwa. Halikuinuka. Basi wakaliacha lilipoangukia, wakajenga benki kulizunguka. Hiyo ndiyo hekima iliyouanzisha mji huu. Naomba wakandarasi waarifiwe kwamba miti iliyobaki imeanguka kutoka kwenye gari, ni mizito mno, na haiwezi kuondolewa.

Mahitaji yangu ni madogo. Njia ya udongo kando ya Sosiani inayotosha watu wawili kupita wakiongea, kutoka upande mmoja wa mji hadi mwingine, bila kukatwa na mabati. Benchi zenye pa kuegemea mgongo, zisizo na jina la mdhamini wala picha ya mtu aliyekunja ngumi. Choo kinachofungwa kwa ndani na si kwa nje. Taa, ili yule mama wa presha aweze kutembea saa moja jioni. Geti sihitaji. Uzinduzi pia tafadhali uache; nilihudhuria upandaji miti mmoja ambapo hema la wageni waheshimiwa lilisimikwa juu ya miche ya mwaka uliotangulia, na kilichostawi hadi leo ni kibao cha ukumbusho.

Masharti ya leseni nayapokea kabla sijayasoma. Nitabeba kitambulisho, sitachuma ua, sitalala kwenye benchi isipokuwa baada ya githeri. Nikionekana nikitabasamu bila sababu inayoeleweka, niko tayari kuandika maelezo. Kuhusu ada, naomba nilipie kwa awamu, jinsi zinavyojengwa barabara zetu.

Wako mtiifu,
Mkazi asiye na haraka.

Nimeambatisha picha mbili za pasipoti. Moja nimesimama. Nyingine nimekaa chini ya mti, na barua ya ruhusa kutoka kwa mwenye mti imebanwa nyuma yake.