Bunduki Mpya Ikikwama: Mwongozo kwa Mnunuzi Mwenye Haraka

Hongera. Umejaza fomu 4473 ya serikali ya Marekani, jina lako limekaguliwa, umelipa, na sasa AR-15 mpya ni mali yako halali. Umefika uwanja wa shabaha nje ya Houston, ukapachika magazini, ukakoki kwa mbwembwe. Badala ya ule mlio wa chuma kinachofunga barabara, umesikia "kwa!" Bolti imesimama njiani, na risasi ya juu imegota kwenye mdomo wa chemba, pua ndani, kiuno nje. Jamaa wa meza ya pili anakuangalia kwa jicho la pembe.

Usihangaike. Fuata hatua hizi na hadi jua kuzama utakuwa umemaliza fedha bila kuligusa tatizo.

Hatua ya kwanza: Kijitabu kitupe. Kilichomo kwenye boksi kimeandikwa na watu wasiokujua. Eti wanasema bunduki mpya isafishwe na kutiwa mafuta kabla ya risasi ya kwanza, kwa sababu yale ya kiwandani mara nyingi hupakwa ili kuzuia kutu ikiwa stoo, si kulainisha vyuma vinavyosuguana. Wewe umeona inang'aa, basi yatosha.

Tena una mfano wa kujivunia. Miaka ya 1960 jeshi la Marekani lilipeleka Vietnam bunduki za M16, toleo la kijeshi la AR-15 yako, na sifa ikavuma kwamba silaha hiyo haihitaji kusafishwa. Vifaa vya usafi havikutosha, baruti ilibadilishwa ikawa ya aina iliyoacha uchafu zaidi, na chemba hazikupakwa kromu. Maganda yakang'ang'ania ndani na askari wakabaki na chuma kitupu mbele ya adui. Mwaka 1967 kamati ndogo ya Bunge, chini ya Richard Ichord, iliwasema vikali wahusika. Mwaka 1968 jeshi likatoa kijitabu cha katuni kilichochorwa na Will Eisner, ili kuwafundisha askari kuitunza M16. Umeona? Jeshi zima lilianza bila kusoma, wewe ni nani hata uanze na kusoma?

Hatua ya pili: Isindikize bolti. Ukikoki, usiachie ghafla. Shika mkono wa kukokia, uirudishe bolti polepole, kwa heshima, kama bibi harusi anayepelekwa ukumbini. Walioiunda bunduki waliweka springi ndani ya kitako, wakaipima ili iisukume bolti mbele kwa nguvu zake zote, iichukue risasi ya juu, iiingize chembani na kufunga. Ukiisindikiza, inafika mlangoni imeishiwa pumzi. Hapo ndipo utakapotamka kwa uhakika: "Kiwanda kimeniuzia bomu!" Wanaojua huvuta mkono ule hadi mwisho, wakauachia. Lakini hao hawana adabu.

Hatua ya tatu: Pigilia. Upande wa kulia wa bunduki kuna kitufe cha kuisukumia bolti mbele. Eugene Stoner, aliyebuni silaha hii, hakukiona kina haja, na Jeshi la Anga lilizichukua bunduki zake bila kitufe hicho. Jeshi la nchi kavu ndilo lililong'ang'ania kiwekwe. Kwa kuwa kipo, kipige kwa kiganja mpaka kieleweke.

Risasi inayokataa kuingia huwa na sababu zake. Pengine ganda limebonyea. Pengine kichwa chake kimerudi ndani ya ganda. Pengine si risasi ya bunduki hiyo kabisa: ile ya .300 Blackout hukaa vizuri kwenye magazini ileile ya 5.56, risasi ya AR-15 yako, na ikilazimishwa inaweza kuingia hata chembani. Kichwa chake kina unene wa milimita 7.8 hivi na hapana njia ya kupita humo. Fyatua, na bunduki itakupasukia mikononi. Hapo kukwama kutakuwa kumekoma. Asiyetaka tiba ya namna hiyo huitoa risasi iliyogoma, akayasoma maandishi kwenye kitako cha ganda, na akiona kasoro huiweka kando isitumike.

Hatua ya nne: Nunua kila kitu isipokuwa magazini. Bunduki inayokwama inalilia darubini mpya, tochi, kishikio cha mbele na mkanda wenye rangi za jeshini. Magazini iache, maana ni kijisanduku cha bei chee, na haiwezekani kitu cha bei chee kikaharibu cha bei kubwa.

Ukweli ni kwamba magazini ndiyo mshukiwa wa kwanza karibu kila mara. Midomo yake ya juu ikipanuka kidogo tu, risasi hupanda imeinama, au hutoka mbili kwa mpigo na kuziba njia. Springi ikilegea, risasi huchelewa kupanda na bolti hupita juu yake. Na ya risasi 30 iliyojazwa zote 30 huwa ngumu kushika mahali pake bolti ikiwa imefungwa, ndiyo maana wakongwe wengi hutia 28. Mhalifu hukamatwa kwa kalamu ya wino mzito: ziandike magazini zako namba, kisha uone ni ipi inayorudia kosa. Baada ya hapo jaribu risasi za kiwanda kingine. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichokuponya.

Hatua ya tano haina kejeli. Kabla ya kugusa chochote, elekeza mtutu kwenye shabaha na utoe kidole kwenye kifyatulio. Chomoa magazini kwanza, ndipo uvute bolti nyuma na kuifunga hapo. Ukianza na bolti huku magazini ipo, unatoa risasi moja na kukaribisha nyingine. Kisha tazama chemba kwa jicho na uipapase kwa kidole.

Hatua ya sita: Ingoje serikali. Marekani, kibaniko cha mkate kikiwa hatari, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji inaweza kulazimisha kirudishwe kiwandani. Hata bunduki ya plastiki ya watoto iko chini ya macho yake. Ile ya kweli haipo: sheria ya mwaka 1972 iliyounda tume hiyo iliziacha nje bunduki na risasi zake. Kama ni mbovu, utategemea hiari ya aliyeiunda, au wakili wako. Basi kaa kitini, ungoje. Ukichoka kungoja, chukua msasa ukwangue mwenyewe njia ya risasi mpaka dhamana ya kiwanda ife rasmi.

Wasiopenda kungoja wana utaratibu mfupi. Kwanza huchunguza mkono wao wenyewe, halafu magazini, halafu risasi, halafu usafi na mafuta. Ikikwama bado, hawaigusi kwa msasa wala nyundo: huipigia simu kampuni iliyoitengeneza, na sheria ya Marekani inamruhusu mwenye bunduki kuirudisha kiwandani moja kwa moja itengenezwe. Wengi hawafiki huko. Huishia kwenye magazini, na waliokwisha kununua darubini hubaki na darubini.