Sifa za Paka Asiye na Bwana

Simba hajawahi kukosa wa kumsifu. Paka wa Namakwekwe, mtaa wetu hapa Mbale, anayelala juu ya mabati mchana na usiku kuyageuza uwanja wa vita, hana hata mmoja. Leo nimejitolea.

Nianze na uaminifu wake, maana ndipo anaposingiziwa zaidi. Husemwa mbwa ni mwaminifu na paka ni msaliti. Mbwa huambatana na mtu, na mtu huhama. Paka huambatana na mji. Agosti 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, barabara za biashara za Mbale zilifungwa mlango baada ya mlango. Nyumba na maduka viliorodheshwa, vikagawiwa waliokuwa karibu na bunduki. Paka hakuorodheshwa. Hakupewa siku 90 wala siku moja, akabaki chini ya kaunta na kumpokea mwenye duka mpya kwa macho yaleyale aliyompokelea wa kwanza, yaani ya kumdharau.

Zamani hizo alikuwa mfanyakazi. Mbale ilisifika kuwa mji msafi kuliko yote Afrika Mashariki, na wazee wa hapa humkumbusha kila mgeni jambo hilo, atake asitake. Katika mji uliofagiwa namna hiyo, paka alikula kwa jasho lake. Kulikuwa na magunia ya mahindi madukani na kahawa ya Bugisu ikishuka kutoka milimani, na panya walikuwa wepesi. Alikuwa mwembamba, mkali, na hakuwa na chama cha wafanyakazi.

Tangu tarehe 1 Julai 2020 Mbale ni jiji, sawa na Jinja. Tulipopandishwa cheo, jalala lilipanda nasi. Hapo ndipo fadhila za paka zilipodhihirika. Amenenepa. Panya naye amenenepa, na wawili hao hukutana juu ya maganda ya matoke na mifupa ya kuku, wakapishana kwa adabu kama waumini wa kanisa moja. Amani hiyo haikuhitaji mkutano Arusha wala posho ya wajumbe. Ilihitaji tu sisi tusizoe taka, na katika hilo tumejitolea kwa moyo mmoja. Anayetaka kujua hali ya usafi wa jiji asihangaike na ripoti: atazame tumbo la paka.

Katika dini hana mpinzani. Mji huu una Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu 1988, na pale Nabugoye wapo Abayudaya, wanaoshika Uyahudi tangu mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alipoukumbatia mwaka 1919. Makanisa hayahesabiki. Paka huheshimu wote. Ijumaa hungoja wali karibu na msikiti, akijua kwamba Abu Huraira, sahaba wa Mtume, alipata lakabu yake kwa sababu ya kipaka. Jumamosi hupokea kinachobaki kwa Abayudaya. Jumapili yuko nyuma ya kibanda cha nyama ya nguruwe, na hajamwomba sheikh wala rabi ruhusa.

Kuhusu imbalu, tohara ya Wamasaba, nakiri ana dosari. Kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, Wamasaba hupumzika. Ukigawanyika, ngoma za kadodi hutikisa mji na vijana husimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Paka dume hangesimama. Akiona hata kijiko kimeinuliwa, yuko juu ya mwembe. Lakini kijana hupigiwa ngoma msimu mmoja tu maishani, naye paka hutangaza ujana wake mwaka mzima, saa nane za usiku, dirishani kwako, bila ngoma na bila michango ya ukoo.

Binamu yake wa Jinja husemwa ana bahati kwa kuwa anaishi ziwani. Si kweli. Pale Masese samaki wapo, ila minofu ya sangara hupanda ndege kwenda Ulaya, na kichwa na mgongo wazi ambavyo zamani vingekuwa vyake sasa vinagombewa na watu wenye pesa. Huyo namhurumia. Wetu, aliye mbali na ziwa chini ya majabali ya Wanale, hutegemea mukene, yaani dagaa, na mukene hawana mnofu wa kusafirisha.

Kwa hao mukene ameletewa kesi. Mama jirani alinijia asubuhi na gunia tupu mkononi: paka wa mtaani amemaliza mukene wake wote aliowaanika. Nikamwambia, kwa upole, kwamba anayeanika samaki chini bila mlinzi ameandaa karamu.

“Mzee,” akasema, “mlinzi alikuwepo. Nilimwacha paka wangu.”

Nikauliza alipo sasa huyo mlinzi.

“Amelala. Tumbo linamuuma.”