Jinsi ya Kuupenda Msindano Mpaka Uwe Mbili kwa Nne

Mwongozo huu ni wako wewe uliye Dar es Salaam, mwenye mapenzi mazito na miti ambayo hujawahi kuiona. Una ekari kumi Matamba, wilaya ya Makete, ulizonunua kupitia shemeji. Karatasi ya mauziano ina muhuri wa kijiji, picha ya shamba iko kwenye simu, na hakuna harusi unayokaa bila kumwambia mwenzio wa mezani kwamba wewe na mazingira ni damu damu. Hongera. Sasa ujifunze kupenda kitaalamu.

Jambo la kwanza, usifike. Barabara ya kupanda Matamba kutokea Chimala ina kona 57, ndiyo maana inaitwa Hamsini na Saba, na tumbo lililozoea Sinza halina haja ya kuzihesabu. Waachie madereva wa Fuso wanaoshuka na viazi. Mapenzi yako yatume kwa simu, pamoja na ya kutolea.

Mahali pa kupanda ni rahisi: popote penye nyasi tupu, maana nyasi ni ardhi iliyokaa bure. Usibabaishwe na uwanda wa Kitulo hapo jirani, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, okidi peke yake zikiwa zaidi ya aina 40. Watu wanauita Bustani ya Mungu, lakini wewe macho yako yanaona pengo la misindano tu. Na bondeni kwenye chemchemi weka milingoti, kwa kuwa inapenda maji. Itayanywa yote kwa niaba ya kijiji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka zibaki mita 60 kutoka ukingo wa mto, ila sheria hiyo ni ya watu wanaokaa karibu na mto. Wewe unakaa karibu na daladala.

Kisha banana. Bwana miti atakushauri mita 3 kwa 3, ambayo ni miti kama 1,100 kwa hekta. Usikubali kuona ardhi inapiga miayo katikati ya mistari. Weka mita moja na nusu, upate zaidi ya 4,400. Kwenye daftari umeshamzidi jirani mara nne. Kwamba miti hiyo itakimbilia juu ikigombea jua, na baada ya miaka itafaa kwa uzio wa kuku, hilo halimo kwenye daftari.

Tunafika penye moyo wa somo. Usipogoe. Nani humkata mpenzi wake mkono? Kila tawi liache lizeeke na kukaukia pale pale shinani. Shina litanenepa na kulimeza, na siku ya kupasua, tawi hilo litatokea katikati ya ubao likiwa fundo jeusi, limekaa bila kushikamana na chochote. Ubao ukikauka, fundo linadondoka. Fundi wa Makambako ataupokea ubao wako, atapitisha kidole kwenye tundu, halafu atainua ubao hadi usoni na kukuchungulia kupitia hapo hapo. Bei atakutajia akiwa bado anachungulia. Jirani yako Mwanji, ambaye hajawahi kutamka neno mazingira, alipita na msumeno wake wa mkono miti ingali myembamba, akakata matawi ya chini kwa usawa wa shina. Mafundo yake yamebaki kwenye kiini, na mbao za pembeni zimetoka safi.

Jirani huyo ana ukatili mwingine. Alirudi tena akaangusha miti iliyopinda na iliyodumaa, ili mizuri ipate nafasi. Milunda aliyoipata aliiuza, akanunua mbolea ya viazi. Hapa kwetu, kwa kweli, wanaopenda miti utawatambua kwa misumeno. Wewe usiguse mti hata mmoja. Mapenzi yako ni ya usawa: yote ikonde pamoja.

Barabara ya kuzuia moto usilime, inakula nafasi ya miti. Kiangazi watu wanapoandaa mashamba, moto hauulizi muhuri wa kijiji. Shemeji atakupigia, nawe utaweka kwenye status moyo uliopasuka.

Kama umenusurika, vuna mwaka wa nane, Januari. Hapa niache mzaha kidogo. Mwanakijiji anayeuza miti michanga mwezi huo hana tamaa. Ana mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa michango ya shule, na dalali anazijua tarehe hizo kuliko mwalimu mkuu. Wewe huna kisingizio hicho, unataka tu kubadilisha gari. Basi dalali atatembea ukingoni mwa shamba, atakadiria kwa macho, na mtakubaliana miti ikiwa imesimama. Ataleta ding'dong, ile mashine ya dizeli yenye msumeno wa duara inayohamishwa shamba hadi shamba. Msumeno wake ni mnene. Kila ukipita, sehemu nono ya gogo inageuka vumbi, na gogo lenyewe lilikuwa jembamba tangu mwanzo. Kinachobaki ni mabanzi, na mbao chache zenye kiini kichanga, ambacho kikikauka husinyaa kwa urefu na kuvuta ubao mzima upinde. Msindano unataka miaka 18 na kuendelea ili uache utoto huo.

Sasa uingie kwenye ushindani. Washindani wako ni Sao Hill kule Mufindi, shamba la serikali kubwa kuliko yote ya miti nchini, na TANWAT ya Njombe, iliyoanza mwaka 1949 na magome ya miwati ya kulainishia ngozi, ikaendelea hadi mbao na nguzo za umeme. Huwawezi kwa ubora, wapige kwa vipimo: ita mbili kwa nne, pasua moja na robo tatu kwa tatu na nusu. Bahati mbaya mnunuzi wa Buguruni naye ana futi kamba. Na mwenye nyumba aliyeona paa lake linapinda mwaka wa pili, safari nyingine anapaua kwa chuma. Hajakuzidi mapenzi ya miti huyo. Amechoka kununua watoto.

Kuna waliojaribu kutuharibia mwongozo huu. Kuanzia mwaka 2014 mradi wa Panda Miti Kibiashara, wa Tanzania na Finland, ulipita hadi Makete ukisaidia vyama vya wapanda miti na kuhimiza mbegu bora, nafasi na upogoaji. Wanachama wanaouza kwa pamoja hawamsubiri dalali wa Januari. Wengine bado wanasubiri Aprili 1, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, wakapige picha na mche wakati mvua za Matamba ziko ukingoni.

Mvua za kupandia huanza Novemba, na miche bora inaagizwa mapema. Ukiamua kuja, njoo na msumeno wa kupogolea, na panga bajeti ya nauli ya kila mwaka kwa miaka 18. Shemeji hatafurahi.