Mjomba Pua Anajibu

Safu hii haishughulikii mahari, mirathi wala wapangaji sugu. Ni mbwa tu, hasa wazee.

*

*Mjomba, shikamoo. Mzee wangu ana miaka 12. Mchana kutwa amelala barazani, nikimwita hageuki. Usiku anazungukazunguka hadi nyumba nzima inaamka. Kula anakula, ila furaha hana. Nifanyeje? – Mama Neema, Kinondoni*

Marahaba, Mama Neema. Nilikwisha kukuandikia habari za kumwita mshenga awapatanishe, ndipo nikaiona picha uliyoambatanisha. Kumbe mzee ana mkia.

Anza kwa daktari wa mifugo. Kuhangaika usiku huenda kukatokana na maumivu ya viungo, figo, au akili iliyoanza kuchoka, na hayo hayatibiwi gazetini. Daktari akimruhusu, basi ujue mzee amepatwa na la wastaafu: amepokonywa lindo, hakupewa kazi nyingine. Macho yana ukungu na masikio yameziba, lakini pua kwa kawaida ndiyo ya mwisho kuomba kiinua mgongo. Sisi tuna chembe za kunusia milioni 5 au 6 hivi. Mbwa hukadiriwa kuwa na zaidi ya milioni 200. Mtazame puani kwa karibu, utaona mpasuko kila upande. Anapotoa pumzi, hewa hupitia huko pembeni, isije ikaipeperusha harufu iliyo mbele yake. Wewe ukinusa mchuzi, unaupulizia.

Sasa tafuta maboksi ya viatu matano au sita. Yapange chini bila vifuniko, tia dagaa mmoja asiye na chumvi katika boksi moja, kisha mwache atafute. Akimpata, mwongezee mwingine mle mle ndani ya boksi. Usimlipe mkononi, maana atajifunza kwamba mali iko kwako na boksi ni la nini. Maini yaliyochemshwa yanafaa pia. Zabibu, chokoleti na vitunguu hapana, ni sumu kwake. Kama sakafu ni ya vigae, tandika mkeka asiteleze, na usifiche kitu juu pa kumfanya aruke. Dakika tano zinatosha. Mpe maji, mwache alale.

*

*Mjomba, mbwa wangu ni mwizi wa mitihani. Hanusi. Ananikazia macho usoni, kisha huyo, moja kwa moja hadi kwenye boksi lenyewe. – Mwalimu Mstaafu, Ngaramtoni*

Mwalimu, mtihani unauvujisha mwenyewe. Unageuza shingo, unabana pumzi, unasogea hatua moja kuelekea boksi lenye maini, na mzee anakusoma kama ubao. Mwambie mjukuu afiche wewe ukiwa nje, asikuambie ni wapi. Aguse maboksi yote, la sivyo mbwa atafuata harufu ya mkono badala ya maini.

Lililo gumu linakuja baadaye: kunyamaza. Usimwonyeshe kwa kidole, usiseme "hapo, hapo!" Ng'ambo ya pili ya jiji la Arusha kutoka kwako, pale Usa River, kuna kituo kilichofundisha mbwa kunusa pembe za ndovu bandarini na viwanja vya ndege. Mbwa akisimama kwenye sanduku, mwenye kamba habishani naye kwamba sanduku linaonekana la heshima. Katika mchezo huu anayejua ni mbwa. Najua kwa mwalimu hilo ni chungu.

*

*Huo ni uzungu. Mbwa ni wa kulinda. Akizeeka, amezeeka. – Baba Kevo, Nakuru*

Baba Kevo, panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO pale Morogoro hunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwenye makohozi, na mshahara wao ni ndizi na karanga. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Panya ana nishani, nawe unamnyima mlinzi wako boksi la viatu?

Na kama unataka utafiti, upo. Mwaka 2019 Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walichapisha matokeo ya mbwa 20. Wengine walicheza kunusa kwa wiki mbili, wengine walifundishwa kutembea sambamba na bwana wao. Kabla na baada ya hapo wote waliwekewa bakuli mahali pa mashaka, pasipojulikana kama lina chakula au ni tupu. Waliocheza kunusa walilikimbilia upesi kuliko walivyofanya mwanzo. Waliofundishwa kutembea hawakubadilika. Hao mbwa walikuwa wameanza kutarajia mema, jambo ambalo, kwa barua yako, lingekufaa hata wewe.

*

*Mjomba, dagaa amewaweza. Nataka kumpandisha darasa, lakini mama mkwe hataki mbwa akaribie jikoni. – Salim, Mombasa*

Mama mkwe ana haki yake, na uani kunatosha. Darasa linalofuata ni karafuu. Ndiyo, hiyo hiyo ya Pemba: huko Marekani, kwenye mashindano ya kunusa, ni mojawapo ya harufu wanazotahiniwa mbwa. Tia punje chache kavu kwenye kikopo, toboa kifuniko, kifunge asije akazila. Kiweke boksi moja na dagaa. Akishazoea, ondoa dagaa, na kila akiganda kwenye karafuu umlipe papo hapo. Mafuta ya karafuu yaache, ni makali mno kwa pua ile.

Karafuu nunua zako. Ukizichota kwenye kopo la pilau, safu hii haitakutetea.

*

*Tangu mke wangu aanze kusoma ushauri wako, dagaa wako chini ya kochi, nyuma ya redio, ndani ya kiatu changu cha kanisani. Mbwa ana furaha. Sisimizi pia. – Baba Upendo, Moshi*

Mwambie ahesabu anavyoficha na ahesabu vinavyopatikana. Kwa sasa mfungulie mbwa sebule yote, aanzie kwenye kiatu.